Doa Mgongoni mwa Kilima

Krrr, halafu cha.

Nilikuwa nimefumba macho. Fundi kamera alinifundisha hivyo tangu siku ya kwanza: kamera inayoumwa haitazamwi, inasikilizwa. Krrr, halafu cha. Zamani ilisema cha peke yake, neno moja, kama mtu asiyependa kurudia usemi. Sasa inakohoa kabla ya kusema.

Nilipofumbua macho, fundi alikuwa bado ameishika karibu na sikio, kaegemea meza yake iliyojaa skrubu na vifuniko vya lenzi visivyo na wenyewe. Aliiweka chini taratibu. Akanieleza kwamba pazia la ndani, lile linalofunguka na kujifunga kupitisha mwanga, limechoka. Linaweza kwenda mwezi, linaweza kwenda wiki, na kipuri chake hakitengenezwi tena.

"Hii mimi kabla sijaifungua naiamkia," alisema. "Natoa shikamoo, ndipo natia bisibisi."

Nilicheka kwa adabu tu. Nikamuuliza habari ya vumbi. Akatikisa kichwa. Vumbi lile, alisema, limeoana na kioo cha ndani kinachopokea picha, na ndoa yao haina talaka. Akilikwangua, atakwangua na kioo.

Hilo nililijua. Kwa miaka minne kila picha yangu ilitoka na madoa ishirini na mawili ya kijivu, kila moja mahali pake pale pale. Niliyajua kama mtu anavyoyajua mashimo ya njia ya kwao. Mawili juu kushoto, moja nene katikati kama punje ya mchele, matano yaliyofuatana chini kulia kama watoto wanaokwenda kisimani. Nikimaliza kupiga, nilikaa kwenye kompyuta na kuyafuta: bonyeza, bonyeza, bonyeza, huku nikiongea na mteja. Wenzangu wenye kamera mpya hawakuwa na kasi ile, nami nilijivuna nayo. Dhiki ikikaa sana nyumbani huanza kuitwa kipaji.

Nilibeba mgonjwa wangu nikarudi nyumbani kusubiri matokeo ya shindano la picha za mandhari. Sikuwa na njia nyingine. Zawadi ya kwanza ilikuwa kamera mpya na lenzi zake mbili. Nisipoipata hiyo, siku pazia litakapokatika mimi nami nitakuwa nimefungwa.

Studio yangu ni nusu ya chumba. Nusu ya mbele ni ya dada yangu, fundi cherehani. Katikati tumeninginiza shuka nzito. Upande wake kuna cherehani, meza ya kukatia na vipande vya nguo vimefungwa mafungu. Upande wangu kuna kitambaa cheupe ukutani, stuli moja na taa mbili. Watu huja kwangu kwa picha za pasipoti, na wakitoka hupitia kwake kupunguza suruali. Yeye ni wa kwanza kuzaliwa, mimi ni kitinda mimba. Mama alipofariki nilikuwa na miaka saba, na cherehani ile ndiyo iliyonilea mpaka nikaacha shule kwa kiburi changu mwenyewe. Kupiga picha sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kukosea, na nilikuwa tayari kugombana na yeyote aliyedai kuna njia nyingine.

Picha za pasipoti zinalisha, ila hazishibishi. Nilichokipenda ni mandhari: ardhi tupu, mwanga wa alfajiri, ukungu unapojifikiria kama uondoke au ubaki. Mwaka hadi mwaka nilipeleka picha kwenye shindano, na mwaka hadi mwaka nilirudishwa. Mara ya kwanza waliandika kwamba rangi zimezidi. Mara ya pili, upeo umelala upande. Mara ya tatu hawakuandika kitu. Mara ya sita jaji mmoja aliandika kwamba ninaonesha juhudi, na neno hilo liliniuma kuliko yote, kwa maana juhudi husifiwa kwa mtu aliyekosa kingine cha kusifiwa. Niliibandika barua ile ukutani kwa hasira. Dada alipita, akaisoma, akaniambia, "Bwana Mandhari, hata punda anaonesha juhudi," akaendelea na kazi yake.

Alikuwa na haki ya kutania, kwa sababu kila nilipopanda alipanda nami. Tulikuwa na utaratibu wetu, na utaratibu huo niliutunga mimi. Mikono ya mpiga picha isibebe mzigo kabla ya picha. Ikibeba, itatetemeka, na mtetemo wa unywele mmoja huufanya mlima mzima uonekane umelewa. Kwa hiyo mimi nilibeba kamera kifuani kama mtoto mchanga, na stendi ya chuma, ile ya miguu mitatu, nzito kama dhambi, aliibeba dada. Akifika juu aliitua, akaikaza, akaondoka. Kisha mimi nilichungulia na kusema maneno niliyomwambia mara nyingi kuliko salamu: "Toka kwenye picha, dada."

Kile kilima tulikipanda mara kumi na moja kwa ajili ya picha moja. Kuna mahali unasimama, na mbele yako, ng'ambo ya bonde, mgongo wa kilima kingine umenyooka kama upanga uliolazwa. Ukungu hujaa bondeni. Nilitaka upasuke katikati tu, mgongo ubaki mweusi, na nyuma yake jua liwe halijatoka bali limeshaahidi. Mara kumi tulirudi bure. Mvua, mawingu, jua lililowahi, betri iliyokufa kwa baridi. Mara ya kumi na moja dada alikaa juu ya jiwe kushoto kwangu, nikamwambia yumo. Lenzi ile ni pana, inakula mpaka masikio ya mpigaji. Akasogea. Nikamwambia bado yumo. Akasogea tena. Nikamwambia, kwa sauti ambayo sasa naisikia vizuri kuliko siku ile, aende mbali kabisa, mwanga unakuja, asiniharibie.

Akaenda. Sikutazama alikoelekea. Baada ya muda mrefu ukungu ukapasuka palepale nilipotaka, nikapiga picha tisa. Krrr cha, krrr cha. Nikachagua ya nne. Nyumbani nikafuta madoa, bonyeza, bonyeza, nikaituma.

Simu ya katibu wa shindano iliingia Jumanne mchana, wakati nimemweka mteja kwenye stuli na kumwambia asitabasamu. Katibu ni mama mwenye sauti ya taratibu, ya mtu anayesoma kila kitu mara mbili. Alisema picha yangu imeingia tatu bora, tena majaji wawili kati ya watatu wanaiweka ya kwanza. Nitume faili halisi, ile iliyotoka ndani ya kamera kabla ya kuguswa, ili wahakikishe, na Jumamosi nifike kwenye hafla. Mteja alitabasamu kwa niaba yangu, ikabidi nimpige upya.

Nyuma ya shuka cherehani ilikuwa imenyamaza. Dada ananyamazisha cherehani kwa mambo mawili tu, msiba na uzi kukatika. Alikuja, akanitazama kichwa hadi miguu, akatoa utepe wa kupimia shingoni mwake. Akanipima mabega. Alikuwa na kitambaa cha kijivu alichokuwa amekiweka miaka miwili akisubiri sababu, na sababu imekuja, alisema. Hawezi kuniacha niende kupokea kamera na shati lenye kola iliyochoka kama mwenye shati.

Faili nililituma jioni ileile bila hata kulifungua. Nilikuwa na haja gani? Nilijua kilichomo: kilima, ukungu, na madoa yangu ishirini na mawili.

Alhamisi asubuhi katibu akapiga tena. Alisema majaji wamelinganisha picha mbili wakakuta nimefuta madoa, na hilo halina neno, sheria inaruhusu kufuta vumbi la kamera. Kisichoruhusiwa ni kufuta kitu kilichokuwepo kwenye ardhi. Wana shaka na doa moja tu, lile la juu ya mgongo wa kilima, theluthi ya kulia. Hawawezi kuamua ni kitu gani, ni dogo mno. Niwajibu kabla ya saa sita mchana kesho yake. Kama ni vumbi, niseme vumbi, na barua ya fundi wangu itatosha.

Nilimjibu kwa ukali kidogo kwamba bila shaka ni vumbi. Nilipokata simu nikafungua faili.

Mgongoni mwa kilima, theluthi ya kulia, hapana vumbi linaloishi pale. Nilijua hivyo kabla sijavuta picha karibu. Nilihesabu madoa: ishirini na matatu. Mkono wangu ulikuwa umelifuta kwa mazoea pamoja na mengine. Nilivuta. Doa likawa michirizi ya vijiraba, vile vipande vidogo vinavyounda picha, vitatu kwa vinne, vya rangi ya moshi, na juu yake kiraba kimoja chenye wekundu hafifu. Kamera nyingine ingeonesha zaidi. Yangu ilikoma hapo. Jaji yeyote angetazama mpaka macho yamtoke asingejua. Lakini mimi nilikuwa na picha tisa. Kwenye ya tatu doa halipo. Kwenye ya nne lipo. Kwenye ya tano limesogea kulia, unene wa kidole. Vumbi halitembei. Na kilemba chekundu dada yangu anacho kimoja, cha kupandia mlima.

Nilikaa pale mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akakohoa, akaniuliza kama tumefunga.

Mchana nilikwenda kwa fundi kamera. Nilimweleza yote, naye akasikiliza akiwa amefumba macho, kama anavyozisikiliza kamera. Akasema mbona jambo dogo. Kamera ina vumbi, haina? Ina. Basi yeye ataandika kwamba ina vumbi. Akachukua karatasi yenye nembo ya duka lake, akaandika kwa mkono: nathibitisha kwamba kamera hii ina vumbi la kudumu kwenye kioo chake cha ndani, lisiloweza kuondolewa. Akagonga muhuri. Barua ile ilikuwa kweli kila neno, na yote kwa jumla ilikuwa uongo.

"Hawajakuomba picha ya tano," alisema akinikabidhi. "Usiwe mkarimu."

Nilitembea nayo mfukoni nikipita mitaa mirefu kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa nimechoka, uchovu ule wa mifupa, wa mtu aliyegonga mlango mmoja miaka saba, na sasa umefunguliwa, na kizingitini kalala ndugu yake na ni lazima amruke. Nilijiambia kwamba ni neno moja tu. Nilijiambia kwamba aliyefuta hakujua, na asiyejua hana kosa. Nilijiambia mengi. Kiburi changu, kilichonigombanisha na walimu, majaji na marafiki, siku ile kilikuwa kimya kama mbwa aliyeshiba.

Ijumaa asubuhi dada aliniita nijaribu koti. Lilikuwa bado la bandi, mishono ya muda tu, mikono imeshikizwa kwa pini. Alinizunguka akiwa na pini nyingine mdomoni, na kila alipoinama kutazama pindo aliinuka kwa kushika kona ya meza. Akasema kwa meno yaliyofumbwa kwamba nina uso wa mtu aliyemeza pini. Nini?

Nilitaka kusema si kitu. Nikamwambia. Nilimwambia yote nikiwa nimenyoosha mikono kama kinyago, kwa sababu alinikataza kuishusha. Nilipofika kwenye kilemba alizitema pini mkononi mwake, moja baada ya nyingine.

"Kwa hiyo mimi ni uchafu wa kioo," alisema.

Kisha akacheka. Alicheka kweli, mpaka akakaa. Alisema siku ile nilimfukuza mara tatu, akaapa moyoni kwamba mara hii atatoka mpaka kutoka kwenyewe kuishe. Akafuata njia ya mbuzi, akazunguka bonde lote. Alipofika ng'ambo alijiambia sasa hata Bwana Mandhari hatanung'unika. Akafuta machozi ya kicheko kwa utepe wa kupimia. Kisha akaniuliza barua iko wapi. Nikamwonesha mfuko wa suruali kwa kidevu. Akaichomoa, akaisoma.

"Peleka," alisema.

Nikamwambia sijui kama naweza.

"Peleka, mdogo wangu. Neno ni neno. Nimeitwa mengi mabaya kuliko vumbi, tena na watu wasionipa hata picha." Aliikunja akanirudishia. "Wewe unafikiri mimi nilikuwa nafuata nini kule juu? Hewa?"

Ndipo jambo liliponiwia zito zaidi. Angekasirika ningepata pa kuegemea. Angelia ningejua la kufanya. Lakini alinipa ruhusa, akaichukua mikasi akarudi kwenye kazi, kana kwamba ruhusa ile haikumgharimu. Nilisimama na koti la pini nikitazama saa ya ukutani. Saa tano na robo. Saa tano na nusu. Cherehani ilikwenda, ikasimama, ikakwenda. Nilimtazama mgongo. Nilikuwa na picha maelfu kwenye kompyuta ile, na sikukumbuka hata moja niliyomtafuta yeye. Mara zote nilimtafuta ili nimwondoe.

Saa sita kasoro kumi nilimpigia katibu. Alipokea haraka, kama aliyekuwa ameshika simu mkononi. Nikamwambia lile doa si vumbi. Ni mtu. Akauliza kama nina uhakika, maana majaji wanaelekea kuamini ni vumbi. Alilisema hilo polepole, mara mbili, akiniachia mlango wazi. Nikamwambia nina uhakika, huyo ni dada yangu, na nimemfuta bila kujua, lakini nimemfuta. Akasema pole, akasema sheria ni sheria, akasema mwakani. Aliongeza kwamba asingefutwa pasingekuwa na tatizo, maana hakuna sheria inayokataza mtu kuwemo kwenye mandhari. Nilimshukuru. Hilo la mwisho angeweza kubaki nalo.

Nilipogeuka, dada alikuwa amesimama, mikasi mkononi. Hakuwa anacheka tena.

"Nimepanda kile kilima mara kumi na moja ili ushinde," alisema. "Sikupanda ili uwe mkweli."

Alinivua koti kwa nguvu, pini mbili zikanichoma bega, nikastahili. Akalitupa juu ya meza. Akasema kitambaa kile angeshona sketi mbili za watu wanaojitambua. Akasema mimi tangu utotoni naweza kuukataa ugali nikiwa na njaa ili tu ijulikane nimekataa. Akasema na hiyo kamera yangu ya kukohoa ikifa ataizika mwenyewe, na matanga hakuna. Alisema mpaka akaisha maneno, akakaa kwenye kiti chake. Tukabaki hivyo sote wawili, kama watu waliotua mzigo wakakuta bado hawajafika.

Baadaye, bila kunitazama, akaniambia nimwoneshe basi. Nimwoneshe huyo uchafu.

Nikaifungua shuka, akaja upande wangu, akakaa kwenye stuli ya wateja. Nikavuta picha ya nne karibu. Hakuona kitu. Nikavuta ya tano, ambamo ukungu ulikuwa umepungua na umbo lake limesimama mbele ya mwanga. Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo.

"Ndiyo mimi? Mbona nimepinda hivyo?"

Nilitazama. Sikuwa nimeitazama kwa jicho hilo. Nilikuwa nimehesabu viraba, nimepima alivyosogea, nimetambua kilemba, lakini umbo sikulisoma. Lilikuwa limevunjika katikati kama kisu cha kukunja. Mkono mmoja ulishuka mpaka chini.

"Umeshika goti," nilisema.

"Ah." Alirudi nyuma kidogo. "Lile la kulia. Siku ile lilinikataa kabisa. Nilisimama pale nikijiambia, huku sitashuka, labda waniteremshe na kamba."

Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu ile stendi ya zamani ilipovunjika nikanunua hii ya chuma. Nilihesabu. Miaka mitatu. Nilimuuliza mbona hakusema, akanitazama kama ninavyomtazama mteja anayeuliza kwa nini picha imetoka na sura yake. Akasema nilikuwa na mikono ya kulinda.

Nilimwambia nitakata ile picha ya tano, niikuze, nimtengenezee, iwe na yeye ndani, tuibandike pale penye barua ya juhudi. Nilidhani ndilo nililokuwa nadaiwa.

"Sitaki picha," alisema. "Nataka magoti." Akainuka kwa kushika bega langu, lilelile la pini, akabaki ameegemea hapo. Aliniuliza Jumamosi nitafanya nini sasa, maana hafla sina, koti nusu.

Kwenye meza kamera ilikuwa imelala chali. Niliichukua, nikaielekeza kwenye kitambaa cheupe, nikafumba macho nikabonyeza. Krrr. Tukasubiri wote. Halafu cha.

"Bado ipo," dada alisema, bila furaha, bila hasira pia.

"Jumamosi tutapanda," nilimwambia. "Polepole. Njiani tutakaa kila utakapotaka kukaa, na ukikaa mbele yangu nitapiga hivyohivyo. Na stendi, dada, nitaibeba mimi. Jumamosi na siku zote. Mikono itetemeke itakavyo."